Maneno ya katuni za zamani yaliyokuponza: tupeane uzoefu

Mtoto wa Chumbageni: Wakuu, jana nimekutana tena na kitabu cha katuni cha Batman, namba 66 ya mwaka 1951. Joker, adui yake, kafanya kosa la kijinga, magazeti yanamcheka, anaapa kulipiza. Kosa lenyewe wanaliita "boner", kurasa na kurasa. Leo Mmarekani ukimtajia neno hilo anaelewa uume uliosimama. Nani limeshamponza?

Kobe: Mimi hapa. Nilipofika Minnesota, nusu ya Kiingereza changu nilikitoa kwenye katuni hizo zilizochapwa upya, nazinunua za mitumba. Nikapata kazi ghalani. Usiku mmoja nikabandika lebo za Dallas kwenye mzigo wa Denver, maboksi arobaini. Asubuhi kikaoni, mbele ya watu kumi na wawili, nikasimama wima nikamwambia msimamizi, mama wa makamo: naomba radhi, usiku nimefanya "boner" kubwa. Kimya. Nikadhani hawajasikia, nikarudia kwa sauti. Mchana nikaitwa ofisini kuulizwa nilikusudia nini. Usiku ule sikulala, nilijua kazi imeota mbawa. Kesho yake nikaenda na kitabu, nikawafungulia ukurasa. Yule mama alisoma mpaka mwisho, akanipa mkono.

Bi Mwana: Pole jamani, mwili umenisisimka.

Mchungu: Waandishi wale walijua wanachofanya.

Dobi: Si kweli! Mwaka 1908 Fred Merkle, mchezaji wa besiboli wa New York Giants, kijana wa miaka 19, hakugusa kituo cha pili alichotakiwa kukikimbilia, na kosa lake likabaki na jina hilohilo. Neno la besiboli hilo, safi kabisa.

Mchungu: Na Wertham, yule daktari wa akili aliyezipinga katuni, 1954, aliyesema Batman na msaidizi wake Robin wanaishi kama wapenzi?

Dobi: Hiyo kesi nyingine, usituchanganye.

Bi Mwana: Sisi je? Mama yangu wa Tanga na jirani yake wanaitana "shoga" tangu wasichana. Juzi kwenye daladala Dar ananiuliza kwa sauti, "Shoga yako yule mrefu hajambo?" Gari zima likanigeukia. Neno la mapenzi vile, wameliharibu.

Mtoto wa Chumbageni: Basi tusome katuni mpya tu.

Dobi: Zisomwe za zamani! Ila neno usilowahi kulisikia kazini, usilitamke kazini.

Mchungu: Au nyamaza tu, lebo zisahihishwe kimyakimya.

Kobe: Kitabu yule mama alikiazima kwangu, hajarudisha. Mwenye namba 66 ya kuuza anicheki.