Kamusi moja ya mfumo, au kila mtu na yake?

Assalamu alaikum. Wenzangu wa Linux, naomba tulijadili hili, maana limetuchosha hapa skulini, Wete.

Kompyuta zetu zina Debian, mfumo endeshi wa jamii ya Linux. Kamusi ya tahajia ya Kiswahili inakuja kwa kifurushi chake (faili zinazosakinishwa na kusasishwa kwa pamoja), hunspell-sw. Faili, sw_TZ.dic, liko /usr/share/hunspell, na mstari wake wa kwanza ni hesabu ya maneno. Tuliongeza majina ya shehia humo, Kojani na mengineyo, tukabadilisha na hesabu. (Najua kifurushi kikisasishwa kazi yetu inafutika. Tulitaka kujaribu kwanza.)

Kompyuta moja ikakataa: Kojani bado lina mstari mwekundu. Asubuhi nzima tunazima na kuwasha. Kumbe zamani mtu alijiwekea kamusi hiyo hiyo kama kiongezi cha .oxt (faili la nyongeza ya LibreOffice, programu yetu ya kuandikia) ndani ya akaunti yake, na LibreOffice ikikuta kamusi ya kiongezi kwa lugha ile ile, ya mfumo haiitazami tena.

Msimamo wangu: nakala iwe moja, ya mfumo. Sera ya Debian, kifungu 4.13, ndivyo inavyoelekeza kwa msimbo (maandishi yanayounda programu): wenye kifurushi chake usibebwe tena ndani ya programu nyengine. Kosa linarekebishwa pahala pamoja, na bando linatumika mara moja. Mnasemaje?

Mchangiaji, Unguja: Waalaikum salaam. Mimi sikubali moja kwa moja. Ilipotoka Thunderbird 78, programu ya barua pepe, mwaka 2020, Enigmail, kiongezi chake cha kufunga barua kwa siri, iliacha kufanya kazi humo, na OpenPGP, njia yenyewe ya kuzifunga, ikaingizwa ndani ya programu yenyewe. Aliyekuwa na kifurushi cha pembeni alibaki anahangaika na barua zake za siri. Kiongezi kiende na programu yake.

Mtoa mada: Kwa Enigmail nakubali kabisa, sheikh wangu. Ule ni msimbo ulioshikamana na programu. Mwenzake akibadilika, nao unavunjika. Kamusi ni orodha ya maneno na kanuni za viambishi. LibreOffice inaisoma, Firefox ya Debian inaisoma, na toleo jipya la programu haliidhuru.

Mchangiaji, Unguja: Basi .oxt ya mtu mutaifuta?

Mtoa mada: Hapana, ni mali yake. Ninachotaka ni programu imwambie kwamba kamusi zipo mbili na inayosomwa ni ipi. Leo haisemi chochote.