Mnaolilia mpaka wa Ukraine, wa Kongo hamuuoni?

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Leo nisomeni hadi mwisho, kisha anayetaka kunitukana anitukane.

Kila siku humu ni Ukraine, ni NATO, ni demokrasia inakufa au haifi. Sawa. Kuvunja mpaka wa watu kwa vifaru ni uovu, na watu wa Kyiv nawaonea uchungu kwelikweli. Machi 2022 nchi 141 zilipiga kura Umoja wa Mataifa kuitaka Urusi itoke Ukraine. Rwanda ilikuwa miongoni mwa hizo 141. Rudieni hapo msome tena.

Mwaka 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba askari wa Rwanda 3,000 hadi 4,000 wako ndani ya Kongo, bega kwa bega na waasi wa M23. Januari 2025 Goma, mji mkubwa wa mashariki mwa Kongo, ikaanguka mikononi mwao. Na hao wakubwa wanaotufundisha demokrasia walikuwa wapi? Februari 2024, mwezi uleule watu wa Sake, mji mdogo karibu na Goma, wanajitwika magodoro kukimbilia kambi za Mugunga, Umoja wa Ulaya ulitia saini makubaliano ya madini na Kigali. Miezi miwili baadaye M23 wakaichukua Rubaya, kwenye machimbo ya koltani, madini ya kutengenezea simu. Ulaya ilikuja kuwawekea vikwazo makamanda wa Rwanda Machi 2025, Goma imeshakwenda, na mji wa Bukavu nao umeshakwenda.

Sisi wenyewe je? Marais wa EAC na SADC walikaa hapahapa Dar, 8 Februari 2025, wakaagiza mapigano yasimame. Haikupita hata wiki mbili, Bukavu ikachukuliwa. Halafu mtu mzima anaandika humu eti "Wakongo wamezoea vita". Nani anazoea vita?

Mama yangu mdogo yuko Ndosho, Goma. Alitoka Masisi 2023 na watoto watatu na sufuria moja. Benki zilifungwa mji ulipochukuliwa, kwa hiyo namtumia pesa kwa simu, na wakala akishakata chake, ya unga inapatikana, ya mafuta hakuna. Kitambulisho alichonacho ni kadi yake ya zamani ya mpiga kura, maana Kongo kadi hiyo ndiyo kitambulisho. Picha imefutika. Pale penye uso wake pamebaki doa jeupe, na kwenye kizuizi kila askari anaigeuzageuza na kumuuliza yeye ni nani.

Desemba 2023 wenzake walipokwenda kuchagua rais, Masisi na Rutshuru hazikupiga kura kwa sababu ya vita. Hiyo demokrasia mnayobishana mustakabali wake, yeye ilimpita akiwa kambini.

Na msinigeuzie maneno kwamba naitetea Kinshasa. Oktoba 2024, vita inawaka, Rais Tshisekedi alikuwa anahubiri kubadilisha katiba. Nao Wazalendo, wanamgambo wanaopigana upande wa serikali na kujiita walinzi wetu, wanapora raia barabarani. Yote hayo nayajua na yananiuma. Lakini hakuna hata moja linalompa jirani ruhusa ya kuingiza jeshi.

Sasa nataka majibu. Wewe unayesema mpaka wa Ukraine hauguswi, andika hapa chini kwa nini wa Kongo unagusika. Na usiniletee tena habari ya kuzoea.