Tupeane uzoefu: wiki ya mwisho kabla ya kuimba laivu, wewe hujiandaaje?

Wakuu, mimi ni mwanakwaya, sauti ya tatu, mwaka wa 11 huu. Mwezi uliopita binamu yangu kaoa, nikaombwa niimbe peke yangu na bendi wakati maharusi wanaingia ukumbini. Wiki nzima nilijifungia chumbani, simu inapiga wimbo nami naufuata. Siku ya siku mpiga kinanda akaniinamia: "Ki gani?" Yaani doh ya wimbo iwe noti ipi. Nikabaki namtazama. Kwenye kwaya mwalimu ndiye anayesoma pale juu ya karatasi palipoandikwa doh ni F au G, anagonga, sisi tunadaka. Basi akaanza anapojua yeye. Ubeti wa kwanza nikapita. Kiitikio kilipopanda sauti ikakatika kama nimemeza nzi, kamera iko mbele ya uso wangu. Video ipo, shangazi anaitazama kila Jumapili.

Nimealikwa tena Desemba. Nyie mnaopanda jukwaani mnajiandaaje? Nadharia sitaki, nataka yaliyokukuta.

Sauti ya Pili: Pole, mkuu. Sisi Wakatoliki mtihani wetu ni Mkesha wa Pasaka. Zamani Juma Kuu lote tulikuwa tunapigishwa mazoezi kwa sauti ya juu hadi saa nne usiku. Jumamosi ikifika, soprano wamekauka. Halafu mkesha wenyewe una mtego: masomo ya Agano la Kale yanaweza kufika saba, mmekaa, kibaridi, mnajibu zaburi polepole. Ghafla wimbo wa Utukufu, kengele zinalia, kinanda kilichonyamaza tangu Alhamisi Kuu kinafunguka, na soprano wanatakiwa waanzie darini na sauti zimeshapoa. Siku hizi Ijumaa na Jumamosi hatupazi, tunapitia maneno kwa kunong'ona. Masomo yakikaribia kwisha tunatoka wawili wawili nyuma ya sakristia, mdomo umefungwa, "mmmm", tunapasha.

Mla Tangawizi: Mimi yai bichi la kienyeji na asali, saa moja kabla. Halijawahi kuniangusha.

Nesi wa Kwaya: Ndugu yangu, hilo yai haligusi nyuzi za sauti. Chakula kinashukia umio, nyuzi ziko kwenye njia ya hewa. Likienda huko utapaliwa uletwe kwangu. Nyuzi zinapata maji kupitia mwilini, kwa hiyo anza kunywa tangu jana yake, si glasi tatu wakati jina lako linaitwa (hizo zitakupeleka chooni). Kinachozifikia moja kwa moja ni kile unachokivuta kwa pumzi: mvuke, na kwa bahati mbaya moshi wa kuni wa wapishi wa shughuli. Usikae nao nyuma ya ukumbi hata kama pilau linanukia. Na wewe Sauti ya Pili, acheni kunong'ona. Wengi wakinong'ona wanakaza koo kuliko wakiongea taratibu.

Mla Tangawizi: Sawa nesi. Ila yai siachi.

Binti Ng'ambo: Mie naimba taarabu, Unguja. Huku taabu si koo, ni pesa. Fidla na kanuni (ala ya nyuzi nyingi inayolazwa) zinaanza, mwanzo mrefu, ukijisahau unaingia kabla ya wakati wako. Ukishaingia, wanakuja kutunza: mmoja anakubandika noti kwenye kipaji, mwengine anakushika mkono anataka mstari urejewe kwa kuwa kuna mtu anamkusudia. Shughuli yangu ya mwanzo nilisema "ahsante dada" ndani ya maiki katikati ya ubeti. Ukumbi ukacheka, ubeti wa tatu ukapotea wote. Sasa wiki ya mwisho namwita mdogo wangu: mie naimba, yeye ananipitia akinitia vikaratasi mkononi, ananisemesha, ananivuta mtandio. Nikimaliza beti zote bila kumjibu, basi tena, niko tayari.

Fundi Mitambo: Waimbaji mnanitesa. Saundi cheki mnakuja "haloo, moja mbili" kwa sauti ya kuomba chumvi kwa jirani. Nakupangia kwa hiyo. Usiku unanguruma, spika zinapasuka, lawama zangu. Imba kile kipande kinachopanda, kwa nguvu utakayoimbia usiku. Kama hujisikii niambie niongeze monita (spika inayokuelekea wewe), maana ukinyamaza utapiga kelele ili ujisikie na koo litaisha wimbo wa pili. Kichwa cha maiki usikifumbate kama wale wa kwenye video, hapo ndipo inapoanza kulia. Na ukumbi mtupu unavuma. Watu wakijaa ule mvumo unamezwa, usishtuke.

Mleta mada: Nashukuru. Leo nimempigia yule mpiga kinanda, nikamwimbia kwenye simu. Anasema yangu ni D, siku ile yeye alianzia F. Ngoja nianze mazoezi upya. Swali: na umeme ukikatika?

Sauti ya Pili: Endelea tu. Ulitukatikia Krismasi moja katikati ya wimbo, tukaimba gizani bila kinanda, watu wakawasha tochi za simu, ikawa raha. Ukarudi tukiwa ubeti wa tatu. Mpiga kinanda akawasha, akashika palepale alipoachia, kumbe sisi tulishashuka karibu nusu toni. Ile kelele! Padri mwenyewe aligeuka. Sasa tumekubaliana umeme ukirudi kinanda kinasubiri hadi wimbo uishe.