Yule bwana wa kanda pale Luthuli amenitenda!

Kaka_wa_Bibi_Harusi ameandika:

Wanajukwaa, hamjambo. Yule bwana wa kanda pale barabara ya Luthuli, Nairobi, anayehamisha video za kanda kuukuu kwenda kwenye flashi, nyote mnamjua, kwa hiyo sina haja ya kumtaja. Kila aliyewahi kushuka mjini na kanda kuukuu ndani ya mfuko wa karatasi amepandishwa zile ngazi zake na kuambiwa, "Hiyo ni kazi ndogo, mkubwa."

Nilimpelekea kanda ndogo za video, zile za MiniDV, za harusi ya dada yangu ya mwaka 2003, ambamo marehemu baba anatoa baraka. Kazi yenyewe inajulikana: unaunganisha kamera na kompyuta kwa waya wa FireWire, unacheza kanda, kisha unangoja, kwa maana kanda ya saa moja huchukua saa moja na haijui haraka ya mtu. Waya huo hunakili tarakimu zilezile zilizomo kwenye kanda bila kupunguza chochote, ndiyo maana saa moja hutoa faili la gigabaiti 13 hivi. Mimi nimepewa flashi yenye faili la megabaiti mia mbili, nikaambiwa kwamba "imebanwa kitaalamu."

Nikaifungua mbele ya mama. Baba amesimama, ameshika kipaza sauti, anasema, "Wanangu, Mungu awa..." na papo hapo sauti nyingine, iliyo karibu kuliko ya baba, inasema: "Mama, chapati mbili, na ndengu iwe nzito."

Kumbe bwana yule aliicheza kanda kwenye televisheni, akaegemeza simu yake juu ya kopo, akairekodi televisheni! Taa ya duka inameremeta kwenye kipaji cha baba, na ukitazama vizuri utaona kivuli cha mkono kikipita shingoni mwake kwenda kupokea sahani. Mama ameniuliza ni nani aliyeruhusu wachuuzi kuingia harusini.

Chapati mbili, ndugu zangu, katikati ya baraka! Hata siku ya kiyama, baba akiitwa jina lake, nina hakika atatangulia kuulizwa kama anataka ndengu nzito au nyepesi. Nilipompigia simu bwana huyo alinijibu, "Kwani shida iko wapi, si watu wote wanaonekana?" Wanaonekana! Na chapati pia zinasikika.

Mjukuu_wa_Kariokor:

Pole sana, kaka. Hata hivyo umetuacha njiani: ndengu ilikuja nzito au hapana?

Fundi_Mstaafu:

Bila kumtetea mtu, tundu la FireWire limekuwa adimu katika kompyuta za siku hizi, na Apple imeacha kabisa kuitegemeza FireWire katika macOS 26, mfumo unaoendesha kompyuta zake. Wateja wengi huleta waya wa USB wakidhani ni mamoja, ilhali katika kamera nyingi za MiniDV tundu la USB liliwekwa kwa ajili ya picha mnato au video ya hadhi ya chini. Mwenye kazi hii hana budi kutunza kompyuta ya zamani yenye tundu lenyewe. Picha ya kanda zetu za mfumo wa video wa PAL ina nukta 720 kwa 576, na ukiirekodi kwa simu kutoka kwenye kioo unapata mimemeto tu.

Kaka_wa_Bibi_Harusi:

Mzee wangu, kwa heshima zote, mimemeto haiagizi chapati.

Shangazi_wa_Umoja:

Wewe angalau umemwona baba yako. Mimi nilimpelekea kanda za Hi8 za ubatizo wa kifunguamimba wangu, mwaka 1996. Kwanza alidai kwamba zimekufa kwa ukungu, kisha akabadili kauli na kusema kwamba amezifufua kwa kamera ya Digital8, maana baadhi ya kamera hizo huzisoma Hi8 na kuzitoa kwa waya zikiwa tarakimu tayari. Nilifurahi, nikalipa. Nilipofika nyumbani nikakuta ruracio, yaani sherehe ya mahari ya Wakikuyu, ya watu nisiowafahamu. Tumeitazama yote, na kwa maoni yangu upande wa bibi harusi ulipunjwa mbuzi.

Mjukuu_wa_Kariokor:

Shangazi, hayo ni nafuu. Shemeji yangu aliazima kamera yetu, akaiuza, na kanda ikiwa ndani. Hadi leo hatuwezi kuthibitisha kwamba tulimaliza shule.

Mama_Pacha_Embakasi:

Mashemeji tuwafungulie uzi wao, maana huu hautatosha. Wangu alirekodi mpira juu ya mahafali yangu.

Kaka_wa_Bibi_Harusi:

Tafadhali turejee kwenye suala la chapati.

Mkazi_wa_Kikuyu:

Shangazi wa Umoja, samahani. Katika ruracio hiyo kuna mzee mwenye kofia ya manyoya anayegombana na wenye hema? Huyo ni babu yetu. Sisi tulipewa flashi yenye ubatizo wa watu tusiowajua, na mtoto analia tangu mwanzo hadi mwisho.

Shangazi_wa_Umoja:

Mtoto huyo ni wangu! Tukutane Jumamosi pale Kencom, saa nne asubuhi, nawe uje na flashi. Halafu utanieleza suala la wale mbuzi.