Naomba ushauri: nina hisa chache, nawezaje kuibana kampuni kwenye mkutano mkuu?

Habari wakuu. Nina hisa 600 za kampuni moja iliyopo soko la hisa Dar, sasa kiwanda chao kinamwaga maji machafu mtoni huku kwetu na watu wanamwagilia mboga maji hayohayo, roho inaniuma kupokea gawio. Kuuza sitaki, nikiuza ndo nimenyamaza. Sheria ya makampuni ya 2002 inataka wenye asilimia 10 ya mtaji ndo waitishe mkutano wa dharura, mi nitazitoa wapi? Ila 1971 kanisa la Episcopal kule Marekani liliwabana General Motors, wale wa magari, watoke Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi kwa kutumia hisa zake tu, kura lilishindwa lakini hoja haikufa. Mwenye uzoefu anisaidie, swali nimwandikie katibu wa kampuni mapema au ninyooshe mkono palepale mkutanoni? Na wanahisa wenzangu nawapataje?