Naomba ushauri: kufuta kerneli na vifurushi vya zamani bila kuharibu mfumo

Wakuu, naombeni msaada. Laptopu yangu ina mfumo endeshi wa Ubuntu, na sehemu ya /boot, yenye mafaili ya kuwashia mfumo, imejaa pomoni. Nimechungulia kwa dpkg -l, amri ya kuorodhesha vifurushi (programu na sehemu zake zilizosakinishwa), nikakuta kerneli (kiini cha mfumo) 5 zimerundikana, na amri ya uname -r inaonyesha natumia ile mpya kabisa. Nataka kubakiza hiyo na moja ya akiba, isije mpya ikagoma kuwaka.

Nimejaribu apt autoremove, amri ya kufuta vifurushi visivyohitajika tena, kwa kuongeza -s, ambayo inaonyesha tu kitakachofutwa bila kugusa kitu. Kerneli 3 zimo, sawa, ila chini yake kuna maktaba za Python (vipande vya msimbo vinavyotumiwa na programu nyingine) ambazo nadhani programu niliyoisakinisha kwa mkono inazitegemea. Hapo ndipo nimesita. Mwaka jana nilibonyeza Y bila kusoma, mazingira yote ya dawati yakafutika, nikabaki na skrini nyeusi na kishale kinapepesa.

Je, nizilinde maktaba hizo kwa apt-mark manual, yaani kuziwekea alama kuwa nimezisakinisha mwenyewe, kisha niendelee? Na vile vifurushi vyenye alama ya rc kwenye orodha ya dpkg -l, vilivyokwisha kufutwa vikabakiza mafaili ya mipangilio tu, nikivipiga purge (kufuta hata mafaili hayo) kuna hatari? Kufuta mafaili moja kwa moja kwa amri ya rm ndani ya /boot sitaki hata kusikia.