Maua makavu yanageuka kahawia na kubanduka kwenye bilauri: kosa liko wapi?

Mpenda Bustani
Ndugu zangu, salamu. Nimekuwa nikikausha maua ya bustanini kwa kuyabana ndani ya kitabu kizito, kisha nikiyabandika kwa gundi nyeupe kwenye bilauri na vyombo vya mishumaa. Safari hii nilitengeneza bilauri 6 za zawadi kwa waridi nyekundu zilizokaa kitabuni siku 5. Mwanzoni zilipendeza mno, lakini hata wiki mbili hazijaisha, petali zimegeuka kahawia, kingo zimeinuka, na gundi imefanya utando mweupe kama maziwa. Naomba mnieleze kosa ni la maua, la gundi au la kioo. Tena, je, bilauri hizi zinafaa kunywea?

Jimbi
Salamu ndugu. Kwa maelezo yako, kosa limeanzia kitabuni. Ua linaweza kuonekana kavu kwa nje huku kitako chake kikiwa bado na maji, na ukishalifunika kwa gundi maji hayo hayana pa kutokea, kwa hiyo ua huharibika polepole humo humo. Mimi huyaacha maua wiki 2 hadi 4, na katika wiki ya kwanza hubadilisha karatasi kila baada ya siku mbili au tatu, kwa kuwa karatasi iliyolowa hurudisha unyevu kwenye ua. Karatasi zinazong'aa usizitumie, hazinyonyi. Chuma maua umande ukishakauka. Ua lililokauka sawasawa, ukiliinua kwa kibano, husimama kama karatasi bila kulegea.

Waridi zima ni gumu kulikausha kwa kulibana, maana petali zake zimepandana. Zichambue moja moja, kisha zipange upya juu ya kioo. Kwa anayejifunza, ningependekeza bogenvilia, ambayo kile tunachokiita ua lake kwa kweli ni majani yaliyobadilika rangi, membamba tangu yakiwa mtini. Kuhusu rangi, nyekundu huelekea weusi hata ukifanya kila kitu vizuri, ilhali njano hudumu zaidi.

Fundi wa Vioo
Naongezea upande wa kioo. Kioshe kwa sabuni, kikaushe, kisha kipanguse kwa spiriti na usikiguse tena mahali utakapobandika, kwa sababu mafuta ya vidole huizuia gundi isishike. Gundi ipunguze kwa maji kidogo, paka utando mwembamba, laza ua, kisha libonyeze kwa brashi laini kutoka katikati kwenda pembeni ili mapovu yatoke. Ikikauka kabisa, paka utando wa pili unaovuka kidogo kingo za ua. Utando mweupe unaouona ama ni gundi nene ambayo haijakauka ndani, ama ni gundi iliyopata maji tena. Ukimalizia kwa vanishi safi, tatizo hilo litakwisha.

Mama Petali
Ndugu Fundi, kuhusu vanishi naomba tutofautiane kidogo. Inasaidia chombo kinapopanguswa kwa kitambaa chenye unyevu, lakini chombo kikilowekwa, maji hupenya kwenye kingo na gundi iliyo chini hulainika. Anayepewa zawadi aambiwe hivyo waziwazi.

Kuhusu kunywea, maua yakae nje tu, tena yaishie sentimita 2 chini ya mdomo wa bilauri. Gundi na vanishi za kazi za mikono hazikutengenezwa kugusana na chakula, na baadhi ya maua ya bustani yana sumu. Kwa sahani ya kioo nabandika maua upande wa chini, uso wa ua ukitazama kioo, nalo huonekana vizuri kutoka juu huku sehemu ya kulia chakula ikibaki safi. Kwenye chombo cha mshumaa pia maua yawe nje, na mshumaa uwe mdogo, usimame katikati, kwani petali kavu hushika moto upesi. Jua la dirishani nalo hufifisha rangi.

Mpenda Bustani
Nawashukuru sana. Nimeziloweka bilauri zote 6 katika maji ya uvuguvugu, na gundi imelainika na kutoka yote, jambo linalothibitisha maneno ya Mama Petali. Leo nimebana petali za waridi moja moja pamoja na bogenvilia, na juu ya kitabu nimeandika tarehe ya kukifungua: wiki 3 kuanzia leo.